Nailoni Juu ya Wali

Mwaka tisini na sita, mtu aliyefika Igogo akamwulizia Justa angezunguka mpaka miguu imuume. Ilibidi aulizie Mama Suzana wa wali. Hapo mtu yeyote angemwelekeza: shuka na njia ya ziwani, fuata harufu ya kiwanda cha minofu ya sangara, na kabla hujafika getini utaona kibanda cha mabati mawili kimeegemea ukuta. Mwanamke mnene kidogo, mwenye sauti ya kuita watu walio ng'ambo, ndiye mwenyewe.

Alizaliwa Ukerewe, si mbali na Nansio, akaja Mwanza kwa meli akiwa mke wa Machibya. Machibya alikuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha nguo. Mambo yalipobadilika na watu kupunguzwa kazi, naye alipunguzwa, akapewa mkono wa kwaheri na doti mbili za khanga. Akamwambia mkewe anakwenda Geita kutafuta dhahabu kwa miezi mitatu. Ulikuwa mwaka wa tisini na mbili, na hiyo miezi mitatu haijaisha mpaka leo. Justa hakukaa kuisubiri. Alichukua masufuria mawili, akaomba nafasi kwenye ukuta wa kiwanda kipya cha samaki, akaanza kupika.

Nisiseme uongo: mboga zake zilikuwa za kawaida. Maharage yake hata mimi ningeweza kuyapika. Lakini wali, mama wee. Punje zilikuwa zimeachana kila moja na njia yake, wala hakuna iliyokuwa ngumu katikati. Siri yake ilikuwa jani la mgomba. Maji yakikaribia kukauka, alifunika wali kwa jani bichi, akaweka mfuniko, akapalia makaa juu, yaani moto kidogo chini na moto kidogo juu. Jani lilizuia mvuke usitoroke na makaa yakaivisha wali kutoka juu. Ndivyo alivyofundishwa na mama yake, na hakuona sababu ya kubadili.

Sababu ilikuja yenyewe. Ile miaka ya kupanga foleni ya sukari na sabuni ilikuwa imekwisha, na bidhaa sasa zilimwagika madukani kana kwamba mtu alikuwa amezificha makusudi. Kilichomwagika zaidi kilikuwa plastiki. Ndoo za rangi zote, mabeseni, vikombe, sahani zisizovunjika, na mifuko ya nailoni ambayo ulipewa bure hata ukinunua vitunguu vitatu. Jani la mgomba lilitoka mbali, likafika limenyauka, na mwenye kuliuza alikuwa na maringo. Nailoni ilikuwa mlangoni. Sijui ni nani aliyeanza, ila ndani ya mwaka mmoja mama lishe wote wa Igogo walikuwa wanafanya jambo moja: unaosha mfuko, unaupasua, unautandika juu ya wali, unachomekea kingo zake, unafunika. Wali unaiva upesi na mkaa unabaki. Justa naye alijaribu, akaona ni kweli, akaachana na majani.

Mmoja wa wateja wake alikuwa Josephat, kijana aliyesomea maabara, ambaye kazi yake kiwandani ilikuwa kupima ubora wa samaki kabla hawajapakiwa kwenda Ulaya. Alikuwa mpole, mwenye kalamu tatu mfukoni. Siku moja alifika mapema kabla ya chakula kuiva, akamkuta Justa anachomekea nailoni kwenye sufuria.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba, baba. Kaa hapo, bado dakika kumi.”

Josephat hakukaa. Aliinama, akatazama. “Mama, hiyo nailoni unaiacha humo mpaka wali uive?”

“Na makaa juu yake. Ulidhani wali huu unaota?”

“Samahani, mama yangu, lakini hiyo si nzuri. Nailoni ikipata moto inalainika, na vilivyomo vinatoka vinaingia kwenye chakula. Tena hii ina maandishi. Wino huo nao unakwenda humohumo.”

Justa alimtazama kwa jicho la mtu anayefundishwa kazi yake na mwanawe. “Miaka miwili mnakula wali wa nailoni hapa. Nani amekufa?”

“Hakuna aliyekufa. Wala sijasema mtu atakufa kesho. Ninachosema ni kwamba haikutengenezwa kwa moto.” Josephat alisita, kisha akaona aeleze vizuri. “Sisi huko ndani tunaweka samaki wa baridi, mama, kwenye kreti za bluu na kwenye nailoni maalumu. Na bado tunaulizwa: plastiki hii imetoka wapi, ina cheti, inaruhusiwa kugusa chakula? Samaki mwenyewe yumo kwenye barafu!”

“Samaki wenu anakwenda Ulaya,” Justa alisema. “Wali wangu unaishia Igogo.”

Watu waliokuwa kwenye benchi walicheka, na Josephat naye akacheka, maana angefanyaje. Alikula, akalipa, akaenda zake. Lakini Justa hakuwa mtu wa kupuuza kabisa. Kuanzia kesho yake aligeuza mifuko, upande wenye maandishi ukatazama juu, kwenye mfuniko, na upande mweupe ukatazama wali. Akahesabu kwamba amemsikia Josephat na kesi imekwisha.

Mwezi wa nane, Bwana Luhaga, ofisa utumishi wa kiwanda, alikuja kwenye vibanda na karatasi. Ukuta wa kiwanda ulikuwa unasogezwa mbele ili wajenge chumba kingine cha barafu, kwa hiyo vibanda vyote vingeondoka mwisho wa mwezi. Kabla watu hawajaanza kupiga kelele, alitoa na la pili: kiwanda kilikuwa kinafungua kantini ndani, na kilitaka mpishi mmoja. Watatu wangejaribiwa, kila mmoja siku yake. Mpishi ambaye chakula chake kingewaridhisha wafanyakazi mia mbili angepata jiko lenye paa, maji ya bomba na mshahara.

Justa alikuwa mmoja wa hao watatu. Usiku ule hakujidanganya. Nje ya ule ukuta hakuwa na pengine pa kupikia. Kila kona ya Igogo ilikuwa na mwenyewe, na wateja wake wote walikuwa wa kiwanda hicho. Asingepata kantini, angerudi Ukerewe kulima muhogo kwenye shamba la kaka yake, akiomba samahani kila asubuhi kwa wifi asiyempenda. Na Suzana, binti yake wa pekee, alikuwa anafanya kazi humo ndani ya kukata minofu, na mimba yake ilikuwa imefika mwezi wa sita. Justa alitaka kuwa karibu mtoto atakapozaliwa. Aliitaka kantini ile kuliko kitu chochote alichowahi kukitaka tangu Machibya aondoke, na hakuona aibu kusema hivyo.

Jumatatu alipika Aloo, mwanamke wa Shirati, fundi wa samaki. Watu walilamba vidole. Jumanne alipika mama mmoja wa Kirumba, akaunguza. Jumatano ilikuwa ya Justa. Alikwenda parokiani akaazima yale masufuria mawili makubwa yanayopikia harusi, na mapema kabisa alikuwa jikoni na magunia yake ya mkaa.

Mchele alikuwa nao, moto alikuwa nao. Kilichompa shida ni cha kufunikia. Mifuko yake ya dukani ilikuwa midogo, ingebidi aiunganishe sita au saba kwa kila sufuria. Akamwendea Bwana Luhaga, akamwomba, na Luhaga akamtuma mtu stoo. Ikaletwa nailoni pana, nzito, nyeupe, ya kutandika ndani ya masanduku ya minofu. Haikuwa na herufi hata moja.

Justa aliifungua, akaipigapiga kwa kiganja, na moyo wake ukafurahi kweli. Hii sasa ndiyo nailoni yenyewe! Hii ina cheti, hii imeruhusiwa kugusa chakula, tena chakula cha Wazungu. Alitamani Josephat angekuwepo aione, ila Josephat alikuwa amesafiri kwenda Dar na sampuli zake na asingerudi mpaka Ijumaa. Katika yote aliyoambiwa na yule kijana, Justa alikuwa ameshika cheti na wino. La baridi na moto lilikuwa limempita.

Akatandika, akachomekea. Mifuniko ya parokiani ilikuwa imepotea zamani, kwa hiyo alifunika kwa masinia mapana ya bati, na bati la sinia ni jembamba kuliko mfuniko wa sufuria. Akapalia makaa. Kwa watu arobaini alikuwa anaweka makaa ya kujaza viganja viwili. Leo, kwa sufuria la harusi, aliweka karai zima kwa kila moja. Saa tano na nusu aliinua pembe ya sinia, akachungulia, akaona punje za juu bado zina kiini. Akaogopa. Aloo hakutoa chakula kibichi. Akaongeza makaa, akaacha, akageukia maharage.

Harufu ndiyo iliyomwita. Haikuwa harufu ya ukoko, wala ya mkaa. Ilikuwa ile ya mtu anapochoma taka nyuma ya nyumba.

Aliondoa makaa kwa haraka, akainua sinia la kwanza. Kingoni nailoni ilikuwa bado nailoni. Kuelekea katikati ilikuwa imesinyaa na kuwa ngumu, na katikati yenyewe haikuwepo. Ilikuwa imeshuka. Alichota wali kwa ncha ya mwiko, akaona nyuzi nyembamba zinavutika kutoka punje hadi punje. Akakimbilia sufuria la pili. Huko ilikuwa vilevile.

Saa sita na robo. Kengele ya chakula ni saa sita na nusu.

Justa alisimama akapangusa jasho. Hakuwa mgeni wa jambo hili, na hilo tulitaje wazi: nailoni ilikuwa imeshawahi kumshikia kwenye wali mara mbili tatu kule kibandani, kipande cha ukubwa wa kidole. Alikuwa anakibandua, anatupa, anapakua. Mama lishe wote walifanya hivyo. Kwa hiyo mikono yake ilianza kazi kabla kichwa hakijaamua. Alibandua kilichobanduka. Akakwangua tabaka la juu kwenye masufuria yote mawili, ndoo nzima, akaifunika kwa gunia na kuisukuma chini ya meza. Kisha akakaanga vitunguu kwa mafuta mengi, akavitia iliki na mdalasini, akamwaga juu ya wali, akageuza. Akanusa. Ulinukia sikukuu.

Alionja? Hakuonja. Alijiambia kwamba hana muda.

Kengele ikalia, wakaja. Walivaa mabuti meupe na kofia nyeupe, mikono yao imekunjamana kwa maji ya barafu, na njaa yao haikuwa ya mchezo, maana zamu ilikuwa imeanza saa kumi na mbili. Bwana Luhaga alisimama mlangoni na karatasi yake. Harufu ya viungo iliwafikia, wakaanza kumtania wangali kwenye foleni. Mmoja aliuliza bwana harusi ni nani. Mwingine akasema leo Aloo arudi kwao Shirati. Justa aliwajibu mmoja mmoja kwa majina, kama kawaida yake. Neema, sogeza sahani. Kulwa, wewe usitake mara mbili. Wali, maharage, wali, maharage. Mwiko ulikwenda wenyewe, na kila sahani iliyoondoka ilimpunguzia hofu kidogo. Waliokwisha kukaa walikuwa wanakula vizuri tu, na kusifu.

Kisha sahani moja ikasogezwa, na nyuma ya sahani tumbo, na juu yake uso wa Suzana.

“Mama, niwekee na ukoko. Mtoto anataka ukoko.”

Mwiko ulikuwa umeshachota. Ulikuwa umefika juu ya sahani. Mkono wa Justa ukagoma. Hakuuamuru ugome, uligoma wenyewe, ukabaki hapo hewani na wali umejaa.

“Wewe usile huu,” alisema kwa sauti ya chini. “Nimekuwekea ndizi pale.”

Suzana alicheka. “Ndizi? Mama, nimenusa wali huu tangu kule kwenye meza ya visu!”

“Nimesema usile.”

Nyuma ya Suzana alisimama mzee Maige, mbeba masanduku, Msukuma wa Kisesa, aliyekuwa amekula kwa Justa tangu siku ile ya kwanza ya kibanda. Alikuwa amesikia kila neno. Alitazama mwiko, akamtazama Suzana, kisha akamtazama Justa. Hakukasirika. Aliuliza taratibu tu, kama mtu anayeuliza iwapo maharage yamebaki.

“Na mimi je, Mama Suzana?”

Foleni nzima ikageuza macho kwenye mwiko.

“Au ni sababu ya mimba?” Maige aliongeza. “Viungo hivi labda havimfai mjamzito.”

Huo ulikuwa mlango, na mzee alikuwa ameufungua kwa nia njema. Nani asiyejua kwamba mjamzito hukatazwa hiki na kile? Justa angeitikia tu kwa kichwa, foleni ingesonga, na kantini ingekuwa yake. Alimwona Bwana Luhaga mlangoni, ameinua macho kutoka kwenye karatasi. Alimwona mwanawe, amekunja uso, bado ameshika sahani. Akamwona Maige anangoja jibu, mtu ambaye kwa miaka minne hakuwahi hata siku moja kuuliza alichopewa kimepikwaje. Aibu ilimpanda Justa kutoka miguuni. Machozi yakamtoka mbele za watu.

“Si mimba, mzee wangu,” alisema. “Nailoni imeyeyukia humu. Niliikwangua nikatia viungo. Na wewe usile. Asile mtu.”

“Kweli gete, kweli kabisa?” Maige alisema.

“Kweli.”

Akaweka mwiko chini, akaivuta ile ndoo kutoka chini ya meza, akatoa gunia ili kila mtu aone. Waliona. Wengine walitukana, na walikuwa na haki. Wengine walisimama tu wameshika sahani tupu, hawajui waende wapi, maana nusu saa ya chakula ilikuwa inakwisha. Maharage yaligawiwa matupu, yakaisha nusu hayajafika mwisho wa foleni. Waliobaki walipewa chai ya rangi. Saa saba kamili kengele ikalia tena, watu wakarudi kwenye visu na njaa yao mpaka jioni.

Bwana Luhaga alimngojea mpaka amalize kumwaga wali kwenye shimo la taka. Hakufoka.

“Mama, ungeniambia saa sita, ningewatuma watu mjini wakanunue mikate.”

“Najua, baba,” Justa alisema.

Kantini akapewa Aloo, na ni haki yake. Ukuta ulisogezwa mwisho wa mwezi kama ilivyosemwa. Justa hakurudi Ukerewe. Mzee Maige ndiye aliyemtafutia sehemu kwao Kisesa, kando ya barabara, ambako mabasi ya Musoma husimama, na huko anapika mpaka sasa. Wenzake wa hapo wanatandika nailoni. Akiulizwa mbona yeye hatandiki, huwaeleza kwamba plastiki kuruhusiwa kugusa chakula ni jambo moja, na kuruhusiwa kukaa kwenye moto ni jambo jingine kabisa, na kwamba yeye alifundishwa hilo akalisikia nusu. Wanacheka. Wanasema sahani moja haiui mtu, na Josephat mwenyewe, aliporudi kutoka Dar, alimwambia karibu maneno hayohayo ili kumtuliza.

Suzana alijifungua salama, mtoto wa kiume, kilo tatu na nusu. Watu hudhani kinachomuuma Justa ni kantini. Akiwa Nyamagana sokoni na kukutana na mtu wa kiwanda cha zamani, humsalimia vizuri, humuuliza habari za watoto, kisha humshika mkono na kumkazia macho kidogo zaidi ya kawaida, akimwuliza kama ni mzima, kama tumbo halimsumbui. Kabla zamu ya Suzana kwenye foleni haijafika siku ile, alikuwa ameshapakulia wali ule watu thelathini na wawili, na aliwajua wote kwa majina.